Wimbo Wangu Iliopewa Sabuni

Jina langu silitaji hapa. Msidhani naficha kitu. Limechezewa vya kutosha, nami nimechoka. Jina la sabuni silitaji pia, maana hiyo ilishatangazwa kupita kiasi na kutoka kwangu haitapata tena hata neno moja la bure. Niseme tu kwamba majina yote mawili yalikuwa na silabi tatu, yote yakipanda katikati na kushuka mwishoni. Balaa lote lilianzia hapo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mpiga enanga. Kwa asiyeijua, enanga ni bao la mti lililochongwa likawa na tumbo, likafungwa nyuzi, na mpigaji huzicharaza kwa vidole huku akiimba. Kwetu Buganguzi, mpiga enanga hakuwa mtu wa kuchekesha walevi. Aliitwa kwenye harusi na karamu kubwa ili asifu watu, na akishakusifu umesifiwa, hakuna wa kuuliza mara ya pili. Siku za kawaida babu alikuwa mkulima kama wenzake: ana kibanja chake cha migomba na kahawa, Jumapili yuko misa, jioni yuko na rubisi yake, pombe ya ndizi. Lakini akishika enanga, hata wazee waliomzidi umri walimwita "waitu", bwana wetu.

Nilizaliwa miaka kama mitano kabla ya Uhuru. Kaka zangu wawili walionitangulia walikufa wachanga, na mimi nilizaliwa kadogo, nimekunjamana, kiasi kwamba wanawake waliokuja kumpongeza mama walikuwa wanaangalia chini. Kwetu jina la mtoto lilitolewa na babu mzaa baba. Mama alinisimulia mara nyingi jinsi babu alivyokuja asubuhi na enanga yake, akaketi juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni, akaanza kucharaza nyuzi bila kumsalimia mtu. Hakulitamka jina kwanza halafu akaimba. Jina langu na wimbo wangu vilitoka kinywani mwake pamoja, siku moja, pumzi moja. Mama alisema alipolisikia ndipo alipoacha kuogopa kwamba nitakufa.

Kihaya chake kilikuwa kitamu, sitaweza kukileta chote hapa. Maana yake ilikuwa hivi: nani huyo kapita, njia imebaki inanukia? Halafu jina langu. Wageni wamesimama, wamesahau waendako, nani huyo kapita? Halafu jina langu tena. Mtoto mchanga kwetu alipakwa samli, ndiyo hiyo harufu aliyoiimba babu, harufu ya mtoto aliyepakwa vizuri kwa sababu watu wanataka aishi.

Nilikua na wimbo ule. Nikiugua, babu anakuja kuniimbia. Nikikataa kula, anauanza, akifika kwenye jina anafunga mdomo na kuningoja nile ndipo alitaje. Wadogo zangu waliponifuata nao walipata nyimbo zao, kila mmoja na wake, kwa kuwa babu hakuwa na mchezo na mambo hayo. Nakumbuka mzee mmoja alikuja kumwomba amwimbie binti yake kwa wimbo uliokuwa wa binti wa jirani. Babu alimwangalia akamwuliza, "Wewe siku ya harusi yako ulivaa kanzu ya jirani?" Yule mzee akacheka, lakini aliondoka bila wimbo.

Sasa nieleze neno moja, maana bila hilo hamtaelewa babu aliponzwa na nini. Neno lenyewe ni tangazo. Kwetu tangazo lilikuwa kitu kizito. Padri alitoa matangazo baada ya misa: fulani anataka kumwoa fulani, mwenye pingamizi aseme. Ofisi ilitoa tangazo: kahawa itaanza kununuliwa, watoto waletwe kuchanjwa. Msiba ulitangazwa. Kitu kilichotangazwa kilikuwa kweli, na tena kilikuwa na mwisho: ndoa imefungwa, kahawa imenunuliwa, marehemu amezikwa, tangazo limekwisha. Hatukujua kwamba kuna matangazo ya aina nyingine.

Nilikuwa darasa la tatu gari la sabuni lilipokuja gulioni Muleba. Babu alikwenda kule kununua nyuzi na chumvi, nami nikamganda mpaka akanichukua. Gari lenyewe lilikuwa na vipaza sauti viwili juu ya paa na picha ya mwanamke anayecheka ubavuni, ameshika sabuni karibu na shavu. Tulikuwa na sabuni zetu, zile za mche za kufulia, ngumu, zinazokwangua ngozi. Hii ilikuwa ndogo, nyekundunyekundu, imevalishwa karatasi kama zawadi. Kijana wa gari, mwenye miwani ya jua na Kiswahili cha Dar es Salaam kinachokimbia, alikuwa anawarushia watoto vipande vidogo vya kujaribia. Jamani, tuligombana! Nilipigwa kiwiko puani, lakini kipande nilikipata.

Nilikinusa mpaka nikapata kizunguzungu. Siwadanganyi, niliipenda ile sabuni kabla ya mtu yeyote nyumbani kuipenda. Ile karatasi niliikunja nikaiweka kwenye mkono wa gauni, na kila baada ya muda nilikuwa naingiza pua mkononi kama mgonjwa wa mafua.

Babu alikuwa amekaa upande wa pili wa gulio na marafiki zake, anajaribu nyuzi mpya kwenye enanga aliyokuja nayo. Yule kijana akasikia. Akazima vipaza sauti vyake, akaja, akasimama akisikiliza, na uso wake ukaonyesha kabisa kwamba amepata alichokuwa anakitafuta. Akapiga goti kwa heshima, akamwamkia babu vizuri, akasema, "Mzee wangu, natafuta wimbo wa tangazo."

Babu akajiweka sawa. Wimbo wa tangazo! Nilimwona akitazama marafiki zake kuhakikisha wamesikia.

Akaimba wa kwanza, kijana akatikisa kichwa. Akaimba wa pili, wa shujaa aliyevuka mto na mkuki, kijana akacheka kwa adabu. "Huna kitu cha harufu nzuri, mzee? Mtu anapita, watu wanageuka?"

Babu akazipapasa nyuzi. Kisha akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimesharudi kukaa kando yake. Nilijua anafikiria nini. Nikasema kwa Kihaya, haraka, "Ndiyo, babu, imba!" Ningejua, ningemfunga mdomo kwa mikono yangu yote miwili.

Kijana akaenda garini akarudi na mashine ya kurekodi, yenye mikanda inayozunguka. Babu akaimba wimbo wangu mzima kwa Kihaya, jina langu likiwa mahali pake. Halafu kijana akabonyeza kitu, na mashine ikaimba. Mawe, mama yangu! Sauti ya babu ilitoka ndani ya sanduku, na ndani ya sauti ya babu likatoka jina langu. Watu wakajaa. Wanawake waliokuwa wanauza ndizi waliacha mikungu yao wakaja kuona. Nilisimama ili wote wajue kwamba huyo anayetajwa ni mimi.

Furaha hiyo haikudumu hata muda wa kumaliza muwa. Kijana alimwuliza babu maana ya maneno, babu akamweleza kwa Kiswahili. Kijana akapiga makofi, "Safi sana, mzee! Sasa tuimbe kwa Kiswahili. Na hapo penye hilo jina, weka sabuni yetu."

Nikamtazama babu. Nilingoja amwulize kuhusu kanzu ya jirani. Nilikuwa na hakika kabisa, ningeapa mbele ya padri. Babu hata mate hakumeza. Akalijaribu jina la sabuni mara moja chinichini, akaona linaingia vizuri, akatabasamu kama fundi aliyepata kitasa kinachofaa mlango. Kijana akarudisha mkanda nyuma, na babu akaimba upya, juu ya ule wa kwanza. Jina langu likafutwa, nami nimesimama pale pale.

Walimpa katoni ya sabuni na koti jeupe lenye jina la sabuni mgongoni. Akalivaa hapo hapo.

Njiani kurudi nilitembea mbali nyuma yake. Babu alikuwa na desturi ya kuniita mke wangu, kama babu wengi wanavyowatania wajukuu. "Mke wangu, umenuna?"

"Umewapa wimbo wangu."

"Nani kawapa? Nimewaazima. Hilo ni tangazo tu." Akasimama, akaitua katoni, akanieleza kwa uvumilivu mkubwa. "Tangazo likishatangazwa linakwisha. Umewahi kusikia msiba mmoja unatangazwa kila siku? Watu si watauliza, amekufa tena? Watatangaza, watu watasikia kuna sabuni, basi. Wimbo unarudi nyumbani."

Nikamwamini. Alikuwa babu, na alikuwa hajawahi kuniambia uongo. Tena mwenyewe alikuwa anaamini alichosema, na mpaka leo hilo ndilo linalonitia hasira zaidi, kwa sababu mwongo angalau ungemkamata.

Redio zilikuwa chache. Mwalimu mkuu alikuwa nayo, na pale kwenye chama cha ushirika palikuwa na nyingine. Wiki chache baadaye wimbo ukatoka redioni, asubuhi kabla ya taarifa ya habari. Mchana ukatoka tena. Kesho yake tena. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo kwamba sasa watu wameshasikia, sasa utarudi. Mwezi ukaisha, mvua zikaja, senene wakaja wakaondoka, na redio bado inauliza nani huyo kapita. Siku moja nikamwambia babu, "Mbona amekufa tena?" Hakucheka.

Shuleni wasichana waliufanya wimbo wa kurukia kamba. Nikifika kwenye zamu yangu wanaimba, na mimi naruka wimbo wangu mwenyewe kwa jina la sabuni. Niliwaambia, "Huo ni wa kwangu. Ni babu alinitungia nilipozaliwa." Wakaanguka chini kwa kucheka. "Ulizaliwa sabuni!" Kuanzia hapo nikaitwa Sabuni. Nikipita mlangoni mwa darasa wavulana wanaziba pua halafu wanaimba, nani huyo kapita. Nilipigana na wawili, nikachapwa mimi. Mwalimu alisema siwezi kupigana kwa ajili ya tangazo la redio.

Nyumbani nako kukaharibika. Mdogo wangu wa kiume, aliyejifunza kusema akiwa amezungukwa na wimbo huo, nilimweleza siku moja kwamba zamani ulikuwa wangu. Akanitazama kwa huruma kabisa. "Uongo. Ni wa sabuni. Hata kwenye redio wanasema."

Mama ndiye aliyeumia pamoja nami, lakini alikuwa mkwe, na mkwe wa kike kwetu hamsemi baba mkwe. Akawa anasema na mbuzi. Babu akiwa amekaa uani na koti lake jeupe, mama anamfunga mbuzi kamba karibu yake huku akisema kwa sauti, "Una bahati wewe mnyama. Hukuimbiwa kitu, kwa hiyo hakuna wa kukunyang'anya." Babu anakohoa. Mama anaendelea, "Kula, mbuzi wangu, kula. Wewe huuzwi ila kwa nyama." Ile katoni ilipoisha, mama alirudi kwenye sabuni ya mche, na nyekundu haikuingia tena ndani kwa mkono wake. Dada zake baba waliileta wenyewe, mama akaiweka juu ya kabati ikakauka.

Na babu? Babu aling'aa. Zamani aliitwa Buganguzi, Ijumbi, mara mojamoja Rubya. Sasa akaitwa mpaka Bukoba mjini, mpaka kwa watu wasiojua neno la Kihaya. Akianza wimbo wa shujaa na mkuki, watu wanamwacha aimbe kidogo, halafu wanapiga kelele, "Sabuni, mzee! Sabuni!" Anaimba. Wanarudia naye. Wanamlaza akiwa ameshiba. Nilikuwa bado namwomba aniimbie wa kwangu, wa Kihaya, nyumbani, mimi na yeye tu. Mwanzoni aliniimbia. Kisha akawa amechoka. Kisha vidole vikawa vinamwuma. Kisha nikaacha kumwomba, nikawa nauimba mwenyewe shambani nikichuma kahawa, chinichini, nikikatiza mtu akipita.

Likaja Azimio, viwanda vikawa mali ya umma, na redio ikabadilika, ikawa na nyimbo za jembe na kujitegemea. Nikafurahi. Nikasema sasa hawa watu watakoma na sabuni yao. Na kweli walikoma, maana baada ya miaka michache sabuni yenyewe ikaadimika. Sabuni zote, si hiyo tu. Duka la kijiji lilikuwa na rafu safi, tupu, na mwuzaji aliyekaa mbele yake akisinzia. Ikisikika imekuja, foleni inaanza alfajiri, na wakifika watu kumi inakwisha. Mama alichoma maganda ya ndizi akachuja jivu, tukafulia maji yake. Wengine walifulia majani ya mpapai. Aliyekuwa na ndugu mpakani alipata ya magendo na kuificha kama bangi.

Nilidhani wimbo utakufa na sabuni. Wapi! Ndipo ukanoga. Sasa watu waliuimba kwa uchungu na kwa mzaha, nani huyo kapita, wakitazama rafu tupu. Mimi nikienda gulioni wananiita kwa mbali, "We Sabuni! Umepotelea wapi, watoto wananuka!" Nilikuwa msichana mkubwa sasa, nina kazi ya kushona kwenye kikundi cha akina mama, watu wananipa heshima yangu, na bado mlevi yeyote aliweza kuniuliza napatikana duka gani.

Nikachumbiwa na karani mmoja wa Bukoba, mwanamume mpole, mrefu, ambaye hakusoma kwetu na hakujua chochote kuhusu habari hizi. Sikumwambia. Nilitaka awepo mtu mmoja duniani anayeniita jina langu bila kucheka. Padri aliposoma matangazo ya ndoa, akataja jina langu mbele ya kanisa zima, nyuma kwenye benchi za vijana mtu akauguna ule wimbo. Puani tu, mdomo umefungwa. Benchi zima likatikisika kwa kuzuia kicheko. Nilikaza macho msalabani mpaka yakatoka machozi.

Wiki ile nikamwendea babu. Nilimkuta anapaka enanga mafuta. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Babu, sikuja kugombana. Ya nyuma yamepita. Siku nitakayoagwa, niimbie wimbo wangu. Kwa Kihaya, kwa jina langu. Mara moja tu, watu wasikie, halafu niende."

Aliweka kitambaa chini. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mke wangu, hilo nalo la kuomba? Nitakuimbia wewe. Sabuni haitanusa hapa siku hiyo."

Akacheka kwa neno lake mwenyewe, nami nikacheka. Nilirudi kwa mama nikamwambia, "Amekubali." Mama hakumwambia mbuzi kitu siku hiyo.

Siku ya kuagwa mama aliniogesha kwa maji ya jivu na kunipaka samli aliyoihifadhi miezi. Nikavishwa, nikafunikwa kitenge kichwani, nikakalishwa sebuleni juu ya nyasi mbichi. Ukoo wangu upande mmoja, wakwe kutoka Bukoba upande wa pili, pamoja na marafiki wa mume wangu, watu wa ofisini, wamevaa vizuri. Uani kumejaa mpaka kwenye migomba. Babu akaingia na kanzu safi, akaketi, akaweka enanga mapajani. Watu wakamgeukia.

Akaanza. Kwa Kihaya. Nani huyo kapita, njia imebaki inanukia? Na akataja jina langu.

Nilikuwa sijalisikia kwenye kinywa chake ndani ya wimbo ule tangu nikiwa mtoto. Nililia chini ya kitenge bila sauti. Mama, aliyekuwa nyuma yangu, alinibana bega, nami nikajua analia pia. Wazee wa kwetu wakaitikia kama inavyopasa. Akataja tena jina langu, na nikafikiri, basi, umerudi, nimepata changu, sasa naweza kwenda popote.

Wale wageni hawakuelewa Kihaya chote, wengine hata kidogo. Lakini wimbo wenyewe waliujua. Nilisikia mnong'ono ukitembea upande wao, kisha kicheko cha mtu aliyegundua kitu, kisha sauti ya mwanamume ikaita, "Sabuni! Jamani, si ni ile ya sabuni!" Mwingine akapiga makofi. "Mzee, tupe sabuni!" Na upande wetu nao, hao hao majirani walioniona nikizaliwa, wakaanza. "Sabuni, waitu! Sabuni!"

Kupitia kitenge nilimwona babu akiinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya nyuzi. Alitazama upande niliokaa, hilo nina hakika nalo, alinitazama. Halafu akawatazama wao, jinsi walivyokuwa wameinuka kwenye viti wakimngojea. Uso wake ukafunguka.

Akaimba kwa Kiswahili, kwa jina la sabuni.

Nyumba ililipuka. Watu waliruka, wanawake wakapiga vigelegele kuliko walivyonipigia mimi nilipotolewa chumbani. Mama mmoja mzee alinyoosha mikono juu akalia kwa mzaha, "Rudi, mwanangu, rudi, tumechakaa!" na watu wakafa kwa kucheka, maana hakuna aliyekuwa na sabuni nyumbani kwake, na wote walikuwa wameikumbuka kweli. Mama mkwe wangu aliimba. Mume wangu naye alikuwa anapiga makofi, maskini, ameinama kunitazama kama nami nafurahi. Babu akaurudia, akaurudia, jasho linamtoka. Nilikaa nikingoja jina langu lirudi, hata mara moja ya mwisho. Halikurudi.

Mama aliondoa mkono begani kwangu akatoka nje. Sikumlaumu.

Gari lilipokuwa tayari nilipelekwa kwa babu kumuaga. Nikapiga magoti mbele yake. Alikuwa bado anahema, anajifuta uso, macho yanang'aa kama ya kijana. Nikamwambia polepole, kwa Kihaya, "Babu, uliniahidi."

Hakujitetea. Hakuona hata kwamba kuna kosa. Alinipapasa shavu, akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mtoto njia, "Mke wangu, hukuona walivyofurahi? Jina lako wale hawalijui. Sabuni wanaijua."

Nilitaka kumwambia kwamba hawalijui kwa sababu yeye ndiye aliyelitoa. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nalo moja tu. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Lakini huko uani watu walikuwa hawajaridhika, walikuwa wanagonga meza na kuita kwa pamoja, "Mzee Sabuni! Mzee Sabuni!"

"Naam!" babu akaitika, akachukua enanga yake na kuwakimbilia, akaniacha nimepiga magoti.